Je, Kompyuta ya Nyumbani Yahitaji Blu-ray?

Nimeulizwa kama kompyuta ya nyumbani lazima iwe na mashine ya kusomea diski za Blu-ray. Diski hizo zilitoka mwaka 2006. Yenye tabaka moja huchukua gigabaiti 25, na DVD ya namna hiyo 4.7 tu. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini flashi ndogo ya leo huweza kuchukua zaidi, tena hufutika na kuandikwa upya. Hata Sony waliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray mwezi Februari 2025. Mwenye sinema zake katika diski hizo, na anunue. Mimi sinazo, fedha hiyo naiona ni sare na madaftari ya watoto. Wewe je, unazo diski ngapi?