Kikapu Nilichokiacha Guangzhou

Dada zangu wanaojiandaa kuwafuata waume zao Uchina huniuliza kwanza habari ya chakula. Nami nilikuwa na hofu hiyohiyo nilipohamia Guangzhou mwaka 2018. Kumbe katika mtaa wa Xiaobei, walikokaa wafanyabiashara wa Kiafrika na Kiarabu kwa miaka mingi, neno qingzhen limeandikwa juu ya milango ya mikahawa, mara nyingi kwa kijani. Maana yake ni "safi na kweli", nalo hujulisha kuwa chakula ni halali. Mkahawa uliokuwa chini ya nyumba yetu ulikuwa wa Waislamu kutoka mkoa wa Qinghai. Bwana aliuvuta unga uliokandwa, akaukunja, akauvuta tena, hata ukawa tambi nyembamba. Mkewe, mtandio kichwani, alipokea wageni. Salamu yangu aliiitikia kwa lafudhi niliyochelewa kuitambua, lakini aliiitikia.

Taabu ilikuwa kulipa. Huko hata muuza mboga hubandika karatasi yenye vijiraba vyeusi, mnunuzi akaielekezea simu, malipo yakapita. Sisi wa M-Pesa hatushangai. Ila simu yenyewe ilitaka akaunti ya benki, na akaunti ilikuwa ya mume wangu, kama ulivyokuwa mkataba wa nyumba. (Usajili wa polisi, ambao mgeni asiyelala hotelini hutakiwa kuufanya ndani ya saa 24, yeye ndiye aliyetushughulikia pia.) Alipokwenda Yiwu kununua bidhaa, nilisimama sokoni na noti ya yuani 100. Muuzaji hakuwa na chenji. Foleni ikarefuka nyuma yangu. Nikakiacha kikapu, nikarudi nyumbani na Salma, mikono mitupu.

Jioni yule mama wa tambi alinielewa kwa ishara, akanivunjia noti, na bakuli la Salma akakataa kulipwa.

Mume wangu aliporejea nilimwambia, "Baba Salma, kesho twende benki, nami niwe na akaunti yangu." Akacheka, kisha akaona sicheki. Pasipoti, namba ya simu, sahihi zisizokwisha. Nusu siku ilipita.

Ijumaa iliyofuata tuliswali katika msikiti ulio kando ya kaburi ambalo wenyeji hulinasibisha na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, ingawa vitabu vyetu vyasema alizikwa Madina. Saff zilijaa hadi bustanini. Njiani nilinunua machungwa kilo mbili, nikatoa simu yangu.