Mshale Uliokwama
Gari langu la petroli, la mwaka 2006, lilinusurika na ushuru wa moshi ulioifikia Stratford Oktoba 2021. Mshale wake wa mafuta, hata hivyo, umekwama penye kujaa. Niliuamini hadi mafuta yaliponiishia Romford Road, usiku wa mvua. Sasa kila nijazapo tangi naandika maili daftarini. Zikitimia 250 narudi kituoni, mshale useme utakavyo.

Jumapili humpigia mama simu, Tanga.

“Shikamoo, mama. Hujambo?”

“Marahaba. Sijambo, mwanangu.”

Ndivyo alivyojibu hata wiki ile aliyolazwa hospitalini. Habari nilizipata kwa jirani. Tangu hapo sitosheki na sijambo. Namuuliza amepika nini, nani kamchotea maji, sokoni alikwenda lini. Kisha naandika daftarini, chini ya maili.