Tabibu Ajuaye Mpaka Wake



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, hapana swali ninaloulizwa mara nyingi baada ya darsa la akina mama kuliko hili: je, yajuzu kumwendea tabibu wa mitishamba mtu anapokuwa na maradhi ya muda mrefu, kama vile sukari, presha, baridi yabisi au vidonda vya tumbo? Jawabu lake ni fupi. Yajuzu. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila aliyawekea dawa, isipokuwa uzee. Swali lililo zito zaidi, na ambalo aghalabu haliulizwi, ni hili: huyo tabibu mwenyewe ni nani, na mgonjwa atarajie nini akishaketi mbele yake?

Dada yangu mkubwa ameolewa Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, na huko ndiko alikolelea wanawe. Ana sukari na presha, na katika miaka ya karibuni magoti humuuma na nyayo humfa ganzi. Huhudhuria kliniki, hujidunga insulini asubuhi na jioni, na amechoka. Mwenye afya hawezi kuufahamu uchovu huo. Kila mwezi ni kadi ile ile, foleni ile ile, dakika chache mbele ya daktari aliyechoka kama yeye, kisha ni kurudi nyumbani na dawa zile zile. Mtu wa hali hii akisikia kwamba yuko anayeponya, moyo wake hutangulia miguu. Nao wauza matumaini wanalijua hilo.

Wa kwanza aliyemwendea alikuwa muuza unga, mwenye kopo moja lililoandikwa kuwa latibu maradhi 40. Alimuuliza jina la mama yake na siku aliyozaliwa. Hakumuuliza anatumia dawa gani. Kisha akamwambia aiache insulini kwa siku 21 ili mwili usafike. Alhamdulillah, binti yake alikuwapo, akamshika mkono wakatoka. Jirani yao mmoja alikuwa ameambiwa maneno kama hayo na muuzaji mwingine, naye akayatii. Siku ya sita alikimbizwa hospitali akiwa hajitambui, na hakurudi nyumbani ila ndani ya sanda. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baada ya hayo, akina mama wa msikitini walimtajia dada yangu mzee mmoja wa Kimasai, tabibu wa mizizi katika mji wa Ngong. Mimi nilikuwa nimefika Nairobi kwa shughuli ya harusi, na mume wake alikuwa safarini, basi akaniomba nifuatane naye kama mahram. Ngong ni mji wa baridi na upepo, chini ya vile vilima ambavyo Wamasai wamechunga ng'ombe kwa vizazi. Sokoni wanawake wa Kimasai huuza magome na mizizi: olkiloriti, ambayo ni mgunga unaochemshwa na kutiwa katika supu ya nyama, na osokonoi, gome kali kama pilipili linalotafunwa kwa kikohozi na mafua. Elimu hii ni ya kale, na mwenye kuidharau hajui kwamba kidonge cha sukari ambacho wengi wenu hukimeza, metformini, chimbuko lake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao galega.

Mzee yule alitukaribisha katika chumba kilicho wazi mlango, na mkewe akaketi pamoja nasi. Kwa muda wa saa nzima hakugusa mzizi hata mmoja. Alikuwa akiuliza. Walala saa ngapi, mama? Usiku waamka mara ngapi kwenda chooni? Chai yako yatiwa sukari vijiko vingapi? Nani alikuwa na maradhi haya katika ukoo wenu? Una huzuni gani? Akataka kuziona dawa za hospitali, zote, na kadi ya kliniki. Alipokuta kwamba macho yake hayasomi vizuri maandishi ya daktari, alimwita mwanawe wa kidato cha nne amsomee. Ndipo akasema aione miguu.

Mkewe ndiye aliyemvua dada yangu soksi. Mzee aliinama, akamulika kwa simu, akatazama nyayo na baina ya vidole. Baina ya kidole cha nne na cha tano palikuwa na kidonda chenye usaha, kipana kiasi cha ukucha, nacho kilikuwa hakimuumi hata kidogo, kwa sababu ya ganzi. Dada yangu hakujua kuwa anacho. Akaomba kwa haraka, kama wagonjwa tunavyoomba, "Mzee, nitie dawa yako basi."

Mzee akatikisa kichwa. "Mama, hiki si changu. Hiki ni cha hospitali, tena leo. Mizizi ya magoti tutaongea ukishapona kidonda."

Hakutaka malipo. Tulitoka kwake tukaenda moja kwa moja hospitalini, kikasafishwa na akapewa dawa za kuua viini. Daktari alituambia kwamba kidonda cha mguu kwa mwenye sukari kikiachwa huweza kuingia mfupani, na ukishafika huko aghalabu mazungumzo huwa ni ya kukata. Mguu wa dada yangu uko pale pale leo, anautilia udhu.

Nimelitafakari sana tukio hili nikilirudisha kwenye vitabu nilivyosomeshwa. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba mwenye kujifanya tabibu, naye hajulikani kwa elimu ya tiba, huyo hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Wanavyuoni wetu wamejenga juu ya msingi huu hukumu za fidia za matabibu. Na Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, mtu aliyejulikana kwa utabibu. Baadhi ya wanavyuoni wameichukua habari hii kuwa ni hoja ya kujuzu kutibiwa na asiyekuwa Mwislamu akiwa mjuzi na mwaminifu. Basi kipimo cha dini hakikuanza kwa kutazama dawa ni ya mti au ya kiwanda. Kilianza kwa kumtazama mtu: anajua nini, na akifika mwisho wa anachokijua, husimama?

Wasomaji wa rika langu hawajasahau Loliondo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa Babu na ambaye alifariki mwaka 2021, aliwapa watu kikombe kimoja cha maji ya mizizi kwa shilingi 500 za huko, ikisemwa kuwa chatibu sukari, saratani, ukimwi na mengineyo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na Wakenya walikuwamo kwa wingi. Wako waliofia foleni, na wako walioacha dawa zao wakidhani wamepona. Mti wenyewe, mugariga, ni katika miti ambayo watu wa nyanda hizo waliutumia kabla ya hapo, nami siulaumu. Kikombe kilikuwa kimoja kwa watu wote, na hapana aliyeulizwa neno. Dawa isiyouliza swali haimjui mgonjwa.

Wala tusidhani kwamba kitu kikiwa cha asili hakidhuru. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitafuta kupungua mwili walipewa katika kliniki moja vidonge vya mitishamba ya Kichina. Ndani yake uliingia mmea wa jamii ya Aristolochia, na madaktari walipoitangaza habari hiyo mwaka 1993, figo za baadhi ya wanawake hao zilikuwa zimeharibika vibaya. Walioathirika walizidi 100. Nawataja kwa sababu najua ni wangapi katika mabinti zetu wananunua chai za kupunguza tumbo zisizo na jina la mmea wala la mtengenezaji.

Basi dada zangu, mkiazimia kumwendea tabibu wa tiba asilia, tarajieni haya. Kikao cha kwanza kiwe kirefu, na kiwe cha maswali. Chukueni mfuko wenye dawa zote mnazotumia, na kadi ya hospitali, na vipimo vya karibuni. Mwambieni kama mna mimba au mnanyonyesha, na kama mnakusudia kufunga. Asipouliza, jueni hajali. Mshauri wa kweli huanza na chakula, usingizi na mwendo wa miguu kabla ya mizizi, naye hutaja bei kabla ya kufungua mfuko. Hutoa dawa moja, akaitaja kwa jina lake, na akaeleza lini muisimamishe. Haahidi siku ya kupona.

Ondokeni kwa yule anayeuliza jina la mama, au nyota, kwani huyo ameingia katika ramli, na mlango huo dini imeufunga. Ondokeni kwa anayetaka kukaa na mwanamke peke yao. Ondokeni, tena upesi, kwa anayesema acheni insulini au dawa za presha. Na ulizeni dawa imelowekwa katika nini, kwani nyingine hutengenezwa kwa pombe. Dada yangu alipopewa mizizi ya kuchemshwa na supu, mifupa aliinunua kwa mchinjaji wa Kiislamu, na mzee hakuona vibaya.

Kisha liko jukumu letu wagonjwa. Wengi humficha daktari habari ya mitishamba, wakaogopa kukemewa. Huku ni kujidhulumu. Uwatu, karela na mlonge huweza kuteremsha sukari, na zikikutana na insulini sukari ikashuka kupita kiasi, mtu hutetemeka, hutoka jasho na huweza kuzimia. Kitunguu saumu kingi hakifai kwa anayetumia dawa za kufanya damu kuwa nyepesi, ila kwa ushauri wa daktari. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yenyewe inazitambua tiba za kiasili na tiba mbadala, na inataka uwepo utaratibu wa matabibu hao kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Mzee wa Ngong aliutekeleza utaratibu huo bila ya kuusoma.

Dada yangu alirudi kwake baada ya kidonda kupona, na daktari wake akijua. Magoti yamepata nafuu. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kimeshuka, ingawa hakijafika pale daktari anapopataka. Je, ni mizizi, au ni ile chai aliyoiondoa sukari, au ni kutembea kila alasiri? Mimi si tabibu na sitatoa fatwa juu ya hilo. Insulini yake angali akijidunga asubuhi na jioni, na kila usiku kabla ya kulala binti yake humtazama nyayo kwa taa.

Nanyi mlio na wazazi wenye sukari, watazameni miguu leo, msingoje maumivu. Mwenyezi Mungu awashushie shifaa wagonjwa wetu, shifaa isiyobakisha maradhi, na awajaalie matabibu wetu, wa hospitali na wa mitishamba, elimu na uaminifu wa kusimama pale elimu yao inapoishia. Amin.

Wabillahi tawfiq.