Nasaha kwa Mpwa Wangu wa Katoro Juu ya Matairi ya Nyuma

Ngokolo, Shinyanga.

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku tu wazima. Goti la mama yako limepungua kumsumbua, na mtama umekuwa haba kwa uchache wa mvua, jambo lisilo geni Shinyanga. Lililonishikisha kalamu ni habari niliyoletewa na jirani aliyepanda mchomoko wako, hilo gari dogo la abiria, kutoka Katoro hadi Geita, akashuka salama, alhamdulillahi, lakini akanijia na maneno yaliyoniondolea usingizi: kwamba matairi yako ya mbele ni mapya, ya bei kubwa, yanasifiwa stendi nzima, ilhali ya nyuma ni ya mtumba, yamekwisha kashata, kisha yakachongwa upya ili yadhaniwe kuwa bado yana umri.

Sikulaumu kwa kutafuta rahisi, maana najua tairi ni ghali na abiria hulipa nauli ile ile. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na walisema kweli. Walakini nimekaa na magari muda wa kutosha kujua ya kuwa ghali nayo yaweza kuuvunja upishi huo huo, ikiwa tairi limekaa dukani miaka mingi hata mpira wake umekakamaa. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza bei wala jina. Inama ubavuni mwa tairi, palipoandikwa DOT, usome tarakimu 4 za mwisho: ukikuta 2319, fahamu kuwa lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019, na muuzaji akikuapia kuwa limetoka kiwandani juzi, mwache na kiapo chake. Kisha soma namba ya uzito: 88 maana yake tairi hilo, likijazwa upepo sawasawa, hustahimili kilo 560 na si zaidi. Tairi la bei nafuu lililotengenezwa karibuni na linalolingana na gari lako ni bora kuliko la fahari lililozeekea dukani. Ama la kuchongwa halimo kabisa katika hesabu hii, kwa sababu kisu hakiongezi mpira, bali huupunguza ule mchache uliosalia juu ya nyuzi.

Nakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, zama za kibali, tulipokuwa tukichukua marobota ya pamba, na kupata tairi jipya la General Tyre kutoka Arusha kulihitaji saini, subira na aghalabu ujamaa na mwenye muhuri. Tajiri mmoja wa hapa mjini, nisiyemtaja kwa kuwa wanawe wangali hai, alipata kibali chake, akayauza yale matairi kwa magendo, na lori lake akalivisha ya kuchongwa. Dereva wake, sahibu yangu, alilalamika, akajibiwa kuwa dereva hodari hachagui tairi. Wakaondoka, yeye na utingo wake, adhuhuri, jua la Septemba likiwaka, wakishika njia ya Tinde, mzigo umepita kipimo na upepo umepungua. Na hayo mawili yakikutana, ubavu wa tairi hujikunja kila linapozunguka, na joto hupanda ndani bila ya dereva kuliona. Tairi la nyuma likapasuka mteremkoni. Sahibu yangu, kwa hofu, akakanyaga breki, ilhali tairi likipasuka yapasa kuushika usukani kwa mikono miwili, kuachia mafuta na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Lori likalala ubavu, na utingo aliyekuwa amesinzia juu ya marobota hakuamka tena. Alikuwa kijana anayekusanya mahari. Tajiri alihudhuria maziko, akatoa ubani, na juma lililofuata akanunua matairi mapya. Yaani fedha alikuwa nazo siku zote.

Na hili ndilo linaloniudhi katika habari yako, kwani nasikia nawe fedha ulikuwa nazo, ila umezichangia katika duara la kuchimba dhahabu huko Nyarugusu. Baba yako, Mungu amrehemu, nilimkanya, akaniita mwoga. Ng'ombe aliowauza kwa ajili ya duara la Rwamgasa hawakurudi hata kwato, wakiwamo wawili waliosalia katika mahari ya dada yangu, ambao hadi leo hatujalipwa. Siwadai. Nakukumbusha tu.

Huenda fundi amekwambia kuwa mbele ndiko kwenye usukani, basi mbele ndiko kwa kuheshimiwa. Si hivyo. La mbele likiteleza, gari hukataa kukata kona, nawe waweza kupunguza mwendo na kulirejesha; la nyuma likiteleza kwenye maji, gari huzunguka, na usukani hauna la kufanya. Kwa hiyo yaliyo mazima zaidi hukaa nyuma, hata kama hakuna atakayeyasifu. Tena unavuka hadi Mwanza siku hizi, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, lile subirio la kivuko, ambalo wote tulilitukana, halipo. Nalo ndilo lililokuwa likiyapoza matairi.

Upepo pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Gari lililoundwa kwa watu 5 usilipakie 8. Spea isiyo na upepo si spea. Bima lipa kabla ya kukumbushwa na trafiki. Mkeo msalimie, na umpigie mama yako, asiwe anazipata habari zako kwangu.

Nimeuza dume moja. Kabla ya juma hili kwisha, yatoe yale ya kuchongwa, ukayakatekate mbele ya fundi, asije akamwuzia mtoto wa mwingine. Kisha nenda dukani, piga picha ubavu wa matairi mawili unayoyataka, tarakimu za DOT zisomeke, unitumie. Nikiridhika nitamlipa mwenye duka mwenyewe kwa simu. Mkononi mwako sitatia hata shilingi, maana najua njia ya kwenda Nyarugusu ni fupi.

Wasalaam,
Mjomba wako.