Lile Gari la Mtaa wa Jules

Johannesburg

Mpwa wangu mpendwa,

Picha za ile BMW i3 inayouzwa Mtaa wa Jules zimefika, pamoja na maneno ya wenzako wa kazini: eti gari la umeme hulipuka, na hilo hasa ni plastiki tupu.

Kuhusu moto, ulikuwa bado Tanga wakati Ford Kuga zilipokuwa zikiungua huku Afrika Kusini. Januari 2017 kampuni iliyaita gereji magari 4,556 ya injini ya lita 1.6. Maji yalikuwa hayazunguki vizuri, injini inachemsha, silinda hedi inapasuka, oili inavujia penye moto. Petroli hiyo! Sikatai kwamba betri ikishika moto huwa shida kuizima, na yaweza kuwaka tena baada ya kuzimwa. Ila usidhani tangi la petroli ni mtungi wa maji.

Plastiki ni kweli, lakini ni ngozi ya nje tu. Fungua mlango wa nyuma utazame kizingitini: utaona nyuzi nyeusi zilizofumwa. Hiyo ni kaboni, ndiyo inayomzunguka abiria, na chini yake kuna fremu ya alumini iliyobeba betri. Euro NCAP, wale wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, waliligongesha mwaka 2013, likapata nyota 4 kati ya 5. Nyota nazo zina mwaka wake, usizibebe kama hirizi. Renault Zoe, la umeme vilevile, lilipata 5 mwaka 2013, likaja kupata 0 mwaka 2021. Vipimo vilikazwa, sawa, lakini pia mfuko wa hewa wa ubavuni uliokuwa ukikinga kichwa na kifua ulibadilishwa, ukawekwa wa kifua peke yake. Jina lilelile, gari jingine.

Mimi fundi wa bodi naogopa kitu kingine kabisa: gari lilikopitia. Hapa lililopata ajali kubwa likafutwa na bima, kisha likaundwa upya, husajiliwa Code 3. Kwenye bati, fundi mzuri atalinyoosha. Kaboni haigongwi nyundo wala haichomelewi. Sehemu iliyopasuka hukatwa, kikagundishwa kipande kipya kwa gundi yake maalumu. Fundi wa uchochoroni hana gundi hiyo. Atapaka puti, apige rangi, na wewe utaona linameta.

Kwa hiyo mwambie muuzaji alipandishe kwenye lifti. Angalia sakafu ya betri kama imebonyea, maana mashimo ya jiji hili unayajua. Tafuta nyaya nene za rangi ya chungwa. Ukikuta zimezungushiwa utepe wa fundi umeme, rudisha funguo uondoke. Akikataa kulipandisha, umeshajibiwa.

Hati ya usajili nitumie picha kabla hujatoa hata rand moja ya kishika uchumba. Jumamosi mchana nina nafasi, tunaweza kwenda pamoja. Mama yako mpe shikamoo yangu, na usimwambie bei.

Mjomba wako