Niliifanya Mvua Kuwa Hakimu

Naungama: nilisimama mbele ya kanisa nikamsingizia Mungu, na kwa ushuhuda huo nikamuumiza mama mmoja mjane.

Mimi ni mkulima na mzee wa kanisa katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Ukiishi katika nchi kame namna hii, unajifunza kutazama juu. Mibuyu ikichipua kabla tone halijaanguka, tunanoa majembe.

Mwaka ule, wiki ya kwanza ya Desemba, mvua ilinyesha kwenye shamba langu la mahindi ikakomea mpakani. Nilisimama kwenye mstari wa minyaa unaonitenga na jirani yangu, mama yule mjane. Huku udongo ulinata kwenye kandambili. Kule vumbi lilikuwa limetobolewa na matone machache tu. Mvua za kwetu ndivyo zilivyo, wingu moja hunyeshea upande huu wa kijiji likauruka ule. Nililijua hilo tangu utotoni. Siku ile nilitaka liwe na maana nyingine.

Jumapili niliomba nafasi ya ushuhuda. Nikasema Bwana amewatenga wanaomtolea kwa uaminifu na wanaomfanyia hesabu. Kila mtu alijua ni shamba lipi lililokosa mvua, na kila mtu alijua kwamba mama yule hajamaliza ahadi yake ya mwaka. Watu wakaitikia amina. Yeye aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake hadi ibada ikaisha. Nilimwona. Nikadhani anatubu.

Februari mvua ikakata. Ukavu wa katikati ya msimu si mgeni Dodoma, na ndiyo maana bwana shamba alikuwa ametusihi tupande mtama na uwele. Mimi nilishikilia mahindi. Ukavu uliyakuta yakitoa mbelewele, wakati ambao mahindi hayavumilii kiu kabisa. Majani yakajisokota, ndevu zikakauka, nikavuna magunzi. Mtama wa jirani ulidumaa, ukangoja. Mvua iliporudi Machi, ukaendelea kukua, ukazaa.

Juni alikuja kwangu na debe la mtama kichwani.

"Mzee, nimesikia watoto wanashindia uji. Pokea."

Hakuongeza neno. Nililipokea debe lile nikashindwa kumtazama usoni.

Usiku ule sikulala. Kama mvua ya Desemba ilikuwa hukumu juu yake, basi ukavu wa Februari ulikuwa hukumu juu yangu. Mbona hilo sikulitolea ushuhuda? Yesu alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, nami nimelihubiri fungu hilo mara nyingi. Nikafungua kitabu cha Ayubu. Humo Mungu, akinena kutoka katika upepo wa kisulisuli, anamkumbusha Ayubu kwamba mvua hunyesha hata nyikani pasipo na mtu. Hapo nilisimama. Mvua ya nyikani inamlipa nani? Inamwadhibu nani? Na mwisho wa kitabu, walioghadhibikiwa ni marafiki waliojua sababu ya kila pigo la mwenzao.

Uweza wa Mungu nilikuwa nimeupunguza hadi ukatosha kwenye mpaka wa shamba langu. Kumbe upo katika jambo kubwa zaidi: kila mwaka jua huelekea kusini, na ukanda wa mvua hulifuata hadi utufikie, kisha hurudi nalo kaskazini. Tangu ahadi aliyopewa Nuhu, majira hayajakoma, na hayajawahi kuuliza nani amemaliza ahadi yake kanisani.

Nilikwenda kwake kwanza, nikamwomba radhi uani kwake. Kisha nikamwomba mchungaji nafasi ileile ya ushuhuda. Nikayarudia maneno yangu moja baada ya jingine, nikasema ni uongo niliomzulia Mungu. Safari hii hakuna aliyeitikia amina.

Baada ya ibada mama yule alinishika mkono, akaniuliza Desemba nitapanda nini. Nikamjibu, mtama.

Mbegu alinipa yeye.