Swali la mabuu linasubiri mock

Hapa Basel kuna watu wanaoijua Ifakara kuliko wanavyoijua Dar es Salaam. Rudolf Geigy wa mji huu ndiye aliyeanzisha kwetu maabara ndogo mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, hivyo ukisema unatoka bonde la Kilombero hukosi mtu wa kukuuliza habari za mbu. Niliporuhusiwa kukaa nyuma ya darasa la baiolojia katika sekondari moja ya hapa, Lipangalala ya kwetu Ifakara ilikuwa kichwani mwangu muda wote.

Siku ya vitendo darasa hugawanywa nusu. Mwalimu hakuandika kitu ubaoni. Aligawa dafnia, vijidudu vya majini ambavyo ukivitazama kwa hadubini unaona moyo ukidunda ndani ya mwili, akawaambia watafute swali wanaloweza kulijibu kabla ya kengele. Mabinti wawili wakachagua maji baridi na ya vuguvugu. Moyo ule unakimbia mno, hauhesabiki kwa mdomo, kwa hiyo mmoja akawa anatia nukta kwenye karatasi kwa kila pigo, mwenzake kashika saa. Wakapata hesabu mbili tofauti kwa kijidudu kilekile, kwenye maji yaleyale. Mwalimu akawauliza tu walihesabu vipi, kisha akaenda zake. Muda wote uliobaki uliishia kwenye nukta zile. (Meza ya jirani kijana mmoja alikuwa anachezea simu. Msidhani kila mtoto wa Ulaya ana kiu ya sayansi.)

Sisi tuliosoma nyumbani tunajua data ikigoma inafanywaje: inapikwa. Pendulamu ikikataa kutoa 9.8, unaanzia kwenye jibu na kurudi nyuma, unatengeneza sekunde zinazofaa, grafu inanyooka, maksi zinaingia. Tulikuwa tumeelewa vizuri sana kinachotakiwa.

Nilipokwenda likizo niliomba kukaa kwenye darasa moja la sekondari Lipangalala. Mwalimu kijana, hodari. Mchoro wake wa mbu ulikuwa mzuri kuliko wa kitabuni. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akaanza kwa Kiingereza, kikamkwama, akamalizia kwa Kiswahili: mbona mabuu anayaona kwenye majaruba na kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, lakini mto Lumemo ukienda kasi hayaoni? Wenzake wakacheka, nadhani kwa sababu ya kile Kiswahili. Wale mabinti wa Basel walikuwa wanabishana kwa Kijerumani chao cha nyumbani na hakuna aliyewacheka. Mwalimu akasema watazungumza baadaye, akageukia ubao.

Swali hilo watafiti wa Ifakara hapohapo wanalipwa mshahara kulifuatilia. Anopheles arabiensis hupenda vidimbwi vya muda vinavyopigwa na jua. Anopheles funestus, anayeeneza sehemu kubwa ya malaria bondeni siku hizi, hutaga kwenye maji ya kudumu yenye majani. Watafiti hao waliwahi hata kuwapa wanakijiji ramani waonyeshe mbu wamejaa wapi, kisha wakaweka mitego kuhakiki, na wanakijiji walikuwa wamepatia kwa kiasi kikubwa.

Erasto Mpemba naye alichekwa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto unawahi kuganda kuliko uliopoa, akauliza kwa nini. Swali lake lilipona kwa sababu baadaye, akiwa Mkwawa, lilimfikia Denis Osborne wa chuo kikuu, mtu mwenye maabara na nafasi ya kulijaribu. Mwaka 1969 makala yao ikachapishwa.

Kwenye karatasi, mtaala wetu ulishaachana na kukariri tangu 2005. Kama maswali bado yanaahirishwa, mimi naishuku zaidi ratiba. Baada ya kipindi kile cha Lipangalala nilimfuata mwalimu, nikamsimulia habari za dafnia. Alinisikiliza kwa adabu.

"Kaka, hadubini si shida. Nikiwa na kata na sahani nyeupe, mabuu tunachota hapo nyuma tu. Shida ni dakika 40. Kwenda jarubani na watoto na kurudi zimekwisha, na mada za mtihani wa mock zinanisubiri."

Na ukipewa vipindi viwili mfululizo?

Alikuwa ameshamwomba mwalimu wa taaluma. Aliambiwa wataona baada ya mock.